Shubiri Alipoimba

Siku fundi taa alipokutana na mke wake, mwanamke huyo alikuwa akimgombeza mgonjwa.

Ilikuwa asubuhi, kwenye kliniki ya meno. Meno ya fundi taa mwenyewe yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa amemsindikiza bosi wake, mwongozaji wa filamu, ambaye jino la nyuma lilimvimbisha shavu mpaka jicho moja likataka kufunga. Kazi nzima ya kupiga picha ilikuwa imesimama kwa ajili ya jino hilo. Basi mwongozaji, ambaye alizoea kupishwa njia kila aendako, akaipita foleni na kushika kitasa cha mlango wa daktari.

"Wewe baba! Toa mkono hapo."

Sauti ilitoka mezani kwa mpokeaji wagonjwa. Ilikuwa nzito, ya chini kifuani, kama mtu anaburuta kabati sakafuni bila haraka.

"Nina maumivu," mwongozaji akasema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

"Hapa hakuna aliyekuja kula keki. Huyu bibi unayemwona ana maumivu tangu jana, na ametulia tuli kama maji mtungini. Kaa. Zamu yako bado."

Mwongozaji akakaa. Fundi taa naye akakaa, ingawa hakuna aliyemwambia. Alikuwa akimtazama yule dada: uso mrefu, macho mazito, na nyusi ambazo ziliweza kupanda moja moja, kila moja kwa wakati wake. Alipokuwa akiandika, alikuwa akiimba chini chini, kwa kufuata santuri iliyozunguka kwenye chumba cha daktari. Daktari alipenda jazi, zile nyimbo za polepole za piano na saksafoni, na aliamini zinawatuliza wagonjwa. Hazikuwatuliza. Ila mpokeaji wao alikuwa amezisikiliza miaka nenda miaka rudi mpaka zimemwingia damuni.

Jino lilipong'olewa, mwongozaji akatoka na pamba mdomoni. Ndani ya gari akasema, "Huyo ndiye."

"Ndiye nani?" fundi taa akauliza.

"Mama mkwe wangu."

Fundi taa akadhani ni ile sindano ya ganzi. Kumbe mwongozaji alikuwa ametafuta kwa muda mrefu mwanamke wa kuigiza mama mkwe katili kwenye tamthilia mpya ya televisheni, na wote waliokuja kujaribiwa walikuwa wanapiga makelele tu. Huyu hakupaza sauti hata kidogo, na mtu mzima na ndevu zake alikuwa amerudi kitini kama mtoto wa chekechea.

Ilibidi mwongozaji aende kliniki mara kadhaa kumbembeleza, na kila mara alikaa kwenye foleni. Mwishowe yule dada akakubali, kwa sharti kwamba akichoka atarudi mezani kwake. Hakurudi. Mhusika wake aliitwa Shubiri, na haukupita muda nchi nzima ilimjua kwa jina hilo. Hata nyumbani kwao lile la kuzaliwa likaanza kusahaulika.

Kazi ya fundi taa ilikuwa kumfanya aonekane mbaya. Aliiweka taa chini, karibu na magoti yake, ili vivuli vya nyusi vipande mpaka kwenye paji la uso na macho yabaki mashimo mawili. Kila asubuhi Shubiri alikaa kwenye kiti chake na kuuliza, "Haya, leo unaniharibu vipi?"

"Leo nakuongezea pua."

"Iongeze. Ya kwangu imeanza kuzoeleka."

Walitaniana hivyo kutwa kucha. Kisha siku moja, wakipiga picha ya Shubiri akimnyang'anya mkwe wake funguo za stoo, mwongozaji akasimamisha kazi. Aliutazama uso wa Shubiri kwenye kamera, akageuka.

"Nani kamfanya huyu mrembo?"

Taa ilikuwa imewekwa juu, pembeni, na kufunikwa kitambaa chepesi cheupe, na mwanga ulimwangukia Shubiri shavuni kama wa dirishani asubuhi. Fundi taa akakohoa, akajifanya anatafuta waya. Watu wote kwenye seti wakajua, na Shubiri naye akajua. Mwaka huo huo wakaoana.

Ndoa yao ilikuwa tamu, lakini kuishi na Shubiri mitaani lilikuwa jambo jingine. Watu walimchukia kwa moyo wote. Kina mama walivuka barabara wakimwona. Muuza nyanya wa mtaani kwao, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali, alimfukuza kwenye meza yake mbele za watu.

"Nyanya zangu siuzi kwa mtu anayemnyima mkwe wake chakula."

"Mama, ile ni michezo ya televisheni. Mimi mkwe sina hata wa dawa. Mwanangu bado ananyonya."

"Basi namwonea huruma huyo mtoto."

Tangu hapo fundi taa ndiye aliyekwenda sokoni. Binti yao alipoanza shule, wenzake walimuuliza kama nyumbani anapewa chakula. Siku moja alirudi analia, na kesho yake Shubiri akaamua kwenda kumchukua mwenyewe, akiwa amevaa uso wake wa upole kabisa. Watoto walipomwona getini anatabasamu, walitimua mbio kurudi madarasani. Jioni hiyo fundi taa alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Binti hakucheka. Shubiri alicheka kidogo, akaenda kupiga pasi.

Pasi ndiyo ilikuwa mahali pake. Kila Jumamosi mchana alifungua meza ya pasi sebuleni, akarundika nguo za wiki nzima, na kuanza kuimba zile nyimbo za kliniki. Maneno ya asili hakuyajua vizuri, kwa hiyo alijitungia ya kwake. Sauti ile ile iliyowatisha watu kwenye televisheni hapo ilikuwa nzito na laini, ikisita kidogo kabla ya neno, kama mtu anayeonja uji asije akaungua. "Mpaka leo," alimwambia mumewe, "nikisikia saksafoni nasikia na harufu ya dawa ya kusukutulia."

Jumamosi moja alikuja rafiki wa fundi taa, ambaye kazini walimwita Masikio. Alikuwa fundi sauti wa tamthilia, mwembamba, mtu wa kusikia saa ya ukutani nyumba ya tatu. Fundi taa alimkuta amesimama kibarazani, mkono umeinuliwa kubisha hodi, hajabisha.

"Nani huyo ndani?" Masikio akanong'ona.

"Si shemeji yako! Anapiga pasi. Ingia."

"Usinitaje jina. Akijua nipo atanyamaza."

Wakasimama pale kibarazani kama wezi mpaka shati la mwisho lilipokunjwa.

Jumapili mchana Masikio alikuwa akipiga piano kwenye ukumbi wa hoteli moja ndogo, pamoja na wenzake wawili, mmoja wa besi kubwa ya kusimama na mmoja wa ngoma. Walipiga jazi kwa watu waliokuja kunywa chai na kusoma magazeti. Alikuwa akitafuta mwimbaji kwa miaka. Alipomweleza Shubiri, Shubiri akaangua kicheko.

"Shemeji, mimi ni mwigizaji. Hizo ni za pasi."

"Basi nipe za pasi."

Ikachukua muda, lakini Masikio alikuwa king'ang'anizi. Alitunga tuni, Shubiri akazitilia maneno. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mapenzi, ila umesemwa na mpokeaji wagonjwa: *kaa hapo mpenzi, zamu yako bado, usisinzie tu, nitakuita kwa jina.* Masikio alipousikia mara ya kwanza alivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na vumbi.

Studio waliyoipata ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la samani. Kuta zilikuwa zimetundikwa magodoro ya zamani, na fundi seremala wa jirani akiwasha msumeno, kazi ilibidi isubiri. Siku ya kurekodi Shubiri alifika amevaa vizuri, akasimama mbele ya maikrofoni, wapigaji wakaanza, akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya Shubiri wa televisheni, ile ya kufukuzia wageni. Mpiga ngoma akakosea pigo kwa hofu.

Wakarudia, wakarudia tena. Mara ya mwisho hakutoka hata huyo Shubiri, ilitoka pumzi tu. Akavua viatu, akaenda kukaa kwenye sofa lisilouzika.

Fundi taa, aliyekuja kuangalia tu, akakaa pembeni yake.

"Mbele ya kamera huogopi hata simba," akamwambia.

"Mbele ya kamera nina mtu wa kujificha nyuma yake. Yeye ndiye anayetukanwa, mimi niko nyuma nacheka. Hapa niko mwenyewe. Wakicheka watanicheka mimi."

Fundi taa hakuwa mtu wa maneno. Aliwaza, akainuka, akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba meza ya pasi begani, na pasi mkononi imeviringwa waya wake.

"Nini tena hiki?" Masikio akauliza kutoka kwenye piano.

"Hiki ndicho kilichokosekana. Mna mashati?"

Mpiga besi akatazamana na mpiga ngoma. Kisha akavua shati, akabaki na fulana, akalitupa mezani. Shubiri akalitazama lile shati. Kola ilikuwa imejikunja vibaya sana.

"Huna mke wewe?"

"Sina, dada."

"Si ajabu." Akalinyoosha kwa kiganja, akainua pasi. Haikuwa na moto, maana Masikio alikataa ile sauti ya mvuke. Wapigaji wakaanza polepole, na mahali fulani kati ya kola na mkono wa kushoto, Shubiri akaimba.

Walirekodi hivyo nyimbo zote. Kila alipoiweka pasi chini ilitoa mlio mzito, *ndu*, na baada ya muda mlio huo ukawa unaangukia sawasawa kwenye mdundo. Mpiga ngoma mwanzoni alinuna. Halafu akaanza kumwachia nafasi. Albamu ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio alisifu sana "ngoma ile ya ajabu isiyojulikana asili yake," na Masikio alicheka siku mbili.

Ila mtayarishaji wa tamthilia, yule aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kila kitu, hakucheka alipozisikia nyimbo kabla hazijatoka.

"Ukiimba mapenzi nani atakuogopa tena?" alimuuliza Shubiri. "Watu wakijua ni wewe, mimi nimekwisha."

Wakakubaliana uso wake usionekane. Kwenye jalada akapigwa picha kwa nyuma, shingo na hereni tu, na jina likaandikwa Bi Zamu, kwa sababu ya ule wimbo wa kwanza. Redio ziliupenda. Mchana wa Jumamosi ulikuwa haupiti bila kuusikia dukani au dirishani kwa mtu.

Hapo ndipo Shubiri alipoanza tena kwenda sokoni mwenyewe. Fundi taa alishangaa mpaka alipofuatana naye siku moja. Muuza nyanya alikuwa ameweka redio kati ya mafungu yake, na ndani yake Bi Zamu anaimba.

"Umesikia?" muuza nyanya akamwambia Shubiri, mikono kiunoni. "Huyo ndiye mwanamke. Ana moyo. Siyo kama wengine."

"Anaimba vizuri," Shubiri akasema kwa unyenyekevu.

"Wewe utajuaje uzuri? Nenda zako."

Shubiri aliondoka bila nyanya, uso mkavu, mpaka walipopinda kona. Hapo akamshika mumewe mkono na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa miezi alijipeleka pale kutukanwa na kusifiwa kwa pumzi moja, na alirudi nyumbani ameshiba.

Siri ilivujishwa na binti yao. Alikuwa amekuwa msichana mkubwa sasa, na Masikio, aliyemwita baba mdogo, alikuwa akimfundisha piano. Darasani mwenzake alimwambia kwamba mama yake ana roho ya chuma, kisha dakika hiyo hiyo akaanza kuimba wimbo wa Bi Zamu. Binti uzalendo ukamshinda. Alisema yote, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Jumapili iliyofuata, Shubiri alipokubali kuimba hadharani kwa mara ya kwanza, ukumbi wa hoteli ulifurika. Watu walikaa kwenye ngazi, wengine walisimama nyuma ya vyungu vya maua. Safari hii Shubiri hakuwa na meza ya pasi. Alisimama kando ya piano, mikono haina pa kwenda, na fundi taa aliyekuwa ameegemea ukuta aliuona ule uoga unaanza kumpanda.

Kabla Masikio hajagusa piano, mtu akasimama katikati ya ukumbi. Alikuwa muuza nyanya, amevaa nguo yake ya kutokea.

"Kumbe ni wewe!" akasema, sauti inatetemeka kwa hasira. "Miezi yote hiyo nakusifia mbele ya macho yako, nawe umenyamaza kama hayakuhusu! Kwanza kabla hujaimba, mwombe mkwe wako radhi. Halafu uniombe na mimi."

Shubiri akamtazama. Unyusi mmoja ukapanda, taratibu, ule ule uliowanyima watu usingizi.

"Mkwe wangu nitamwomba radhi kesho kazini," akasema kwa ile sauti ya kuburuta kabati. "Na wewe nakuomba radhi sasa hivi, mama. Nilinyamaza kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisifia vizuri hivyo, nikaogopa ukijua utaacha." Akaushusha unyusi. "Ila siku ile ulipompimia mume wangu, zile za chini zilikuwa zimeoza."

Watu wakaangua kicheko, na muuza nyanya mwenyewe alijaribu kununa akashindwa. Shubiri akaimba. Fundi taa alimwona muuza nyanya akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na jirani yake alipomtazama, akamwambia kwamba ukumbi una vumbi.

Wiki iliyofuata mtayarishaji akamwita mwandishi wa tamthilia. Shubiri akaanguka ngazini, akafa, akazikwa, yote katika kipindi kimoja.

Lilikuwa pigo. Shubiri alikuwa amecheza nafasi ile zaidi ya miaka kumi, na alikuwa akiipenda kuliko alivyowahi kukiri. Alipiga pasi kimya Jumamosi ile, na ile iliyofuata. Masikio alikuja na tuni mpya, akaambiwa aziweke mezani. Fundi taa aliendelea na kazi, maana nyumba ilihitaji, lakini alimwekea taa ovyo ovyo yule mama mkwe mpya aliyeletwa, mpaka mwongozaji akamvuta pembeni.

"Unamwonea huyu dada," akamwambia.

"Najua," fundi taa akasema. "Kesho nitajirekebisha." Na alijirekebisha, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini taa peke yake haikutosha. Watazamaji walilalamika kwamba mama mkwe huyu hawatishi, na wengine wakaacha kuangalia.

Haikuchukua muda mtayarishaji akabisha hodi kwao. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akakubali chai.

"Tumepata wazo," akasema. "Shubiri alikuwa na pacha."

"Pacha?"

"Aliyepotea utotoni. Mbaya kumzidi."

Fundi taa alikuwa na hakika mkewe atarukia. Shubiri akakoroga chai yake.

"Baba, Shubiri mmemzika. Nilikuwepo, nililala ndani ya lile sanduku na likanichoma msumari. Nikirudi sasa nitakuwa naiba nafasi ya marehemu." Akamsogezea sukari. "Kunywa chai yako, haina kinyongo."

Mtayarishaji alipoondoka, fundi taa akamuuliza kama ana hakika. Akasema hana. Kisha akazichukua zile karatasi za tuni za Masikio kutoka mezani, akaanza kuzisoma.

Baada ya hapo kazi za kwenye skrini zilikuja chache, na ndogo. Yule mwongozaji wa jino alimpa nafasi kwenye filamu yake ya mwisho, ya mama anayemsubiri mwanawe kituo cha treni. Maneno yake yalikuwa machache mno. Fundi taa alitaka kumpamba kwa mwanga mzuri, yeye akakataa. "Niache na huu wa mchana. Mikunjo nimeitafuta mwenyewe." Wanaojua mambo wanasema hakuwahi kuigiza vizuri kuliko pale. Yeye alisema alichokuwa anafikiria wakati wote ni kwamba kiatu kinambana. Albamu ya pili ikatoka, na safari hii uso wake ulijaa jalada zima. Hakutajirika. Alipata watu wa kumpigia honi barabarani na kumwita, nyanya nzuri zikaanza kuletwa mpaka mlangoni, na binti akajifunza kusema "ni mama yangu" bila kushusha sauti.

Masikio alifariki wamekwisha kuwa wazee. Moyo ndio uliomsaliti. Mjane wake alikuja nyumbani kwao, macho yamevimba, akamshika Shubiri mikono yote miwili.

"Wifi, utamwimbia. Lakini usiniletee wa kuliza. Nimelia vya kutosha, nimechoka."

Wakakusanyika mchana kwenye ule ukumbi wa hoteli. Binti alipiga piano, maana aliyekuwa akiipiga ndiye waliyekuwa wakimuaga. Shubiri alichagua wimbo wa haraka, wa mtu aliyekosea basi akashuka mji asioujua na kuupenda. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, katikati, akafungua mdomo na maneno yakawa hayapo. Hakusimama. Akaendelea na sauti tupu, bila neno, akipanda na kushuka, binti akimfuata kwa vidole, mpaka mjane akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo, na watu nyuma wakapiga makofi.

Kwenye gari, fundi taa akaendesha taratibu kwa sababu macho yake hayakuwa ya zamani.

"Ulisahau maneno," akasema.

"Nilisahau."

"Watu wamedhani umekusudia."

"Waache wadhani." Akatazama nje ya dirisha. "Yeye angejua. Angenitazama tu juu ya miwani, hivi."

Akajaribu kuonyesha, na sura ikamgeukia kilio. Fundi taa akasogeza gari kando ya barabara, akazima injini, akamshika mkono. Magari yaliwapita. Alipomaliza kulia, alipenga kamasi kwa kitambaa cha mumewe, akakikunja vizuri kwenye mapaja yake, akasema, "Haya, twende. Binti kasema atakuja kula, na nyumbani hakuna hata kitunguu."